Sifa ya Siku ya Ukungu

Dada Nabintu,

Nakuandikia nikiwa na wivu. Ungekuwa hai ningenuna tu, na wewe ungeelewa.

Tangu tulipokuzika, ile janti ya lori, chuma cha gurudumu kilichotundikwa juu ya mto, hapa chini ya mtaa wa Kadutu, naigonga mimi. Wingu likiwa zito kule mlimani nagonga, na wanawake wanaofua wanakusanya nguo na kupanda kabla mafuriko hayajashuka, hata kama huku chini jua linawaka. Lakini mara nyingine mvua humwagikia upande wa pili na maji hayafiki. Hapo ndipo ninapokuchukia kidogo. Nisamehe.

Wewe ulipogonga na maji yasije, walisema Mungu ametuhurumia, wakashuka wakicheka. Mimi nikigonga na maji yasije, Maman Nsimire ananisimamia, mikono kiunoni: "Wewe radio, unadanganya tena! Mvua yako iko wapi? Sabuni yangu imeisha bure!" Na wenzake: "Nabintu hakukosaka hata siku moja."

Hukukosa! Na siku ile ulipotupandisha sote, tukakaa majanini tukila mahindi ya kuchoma, na mto haukuongezeka hata kidogo? Ulijifuta pua kwa pembe ya kikwembe, ukasema, "Mlima umekataa." Walicheka mpaka machozi. Nami nimesema maneno hayohayo. Hakuna aliyecheka.

Juma lililopita ukungu ulifunika mlima. Sikuona kitu. Niligonga pale tu maji yalipogeuka mekundu na matawi kuanza kupita mbio. Wakakimbia. Maman Nsimire akateleza, blanketi lake likaenda, na mimi na binti yake tukamvuta kwa mikono, maji yakiwa kiunoni. Alipopata pumzi alinikumbatia akiwa amelowa: "Leo umeona muzuri, mudogo wa Nabintu! Sasa uko kama yeye." Wengine wakapiga vigelegele.

Dada, neno hilo nililingoja tangu utoto, tangu baba alipokuwa akikutuma wewe tu sokoni kwa sababu "Nabintu hasahau". Nimelipata kwa mlio uliochelewa kuliko yote niliyowahi kuipiga.

Nikirudi nyumbani niliwaza: kumbe ni rahisi. Nikiwa nasubiri maji mekundu kila mara, sitakosa tena. Nitasifiwa kama wewe. Wazo hilo lilinipendeza, kweli lilinipendeza, mpaka nilipokunja mikono ya blauzi na kuona kucha za Maman Nsimire zilivyonichimba. Mwanamke hashiki hivyo mtu anayempongeza. Anayeshika hivyo ni mtu anayezama.

Wivu haujaisha, sitakudanganya. Sifa zibaki kwako.

Lala salama, dada yangu. Nakuahidi, wingu likisimama nitagonga mapema, bila kungoja hakika. Wanitukane wanavyotaka, mradi wananitukana wakiwa pale juu, wote, na watoto wao migongoni.

Mdogo wako,
Faida