Kipimajoto Mbele ya Feni

Shosti, uko? Usipige, siwezi kuongea. Soma tu.

Si unajua stesheni yetu huku chini ya ardhi ilivyo tanuri? Treni zinafunga breki, joto linabaki humuhumu, hewa haina pa kutokea. Bosi kachoshwa na malalamiko, akaniambia nihamishe kipimajoto, nikitundike mbele ya feni ya kiyoyozi cha kibanda cha tiketi, kisome baridi. Nikahamisha. Si tulicheka wote mimi na wewe?

Leo yule mama wa usafi, anayetuita wanangu, kaanguka puu, ufagio mkononi.

Bosi kaja. Hakumtazama mama hata kidogo. Katazama KIPIMAJOTO! “Mbona kuna baridi hapa? Huyu ana njaa zake tu.”

Anasema hivyo huku anajifuta jasho kwa tai. Kwa tai, shosti!

Abiria wakaanza kuguna. Akanigeukia mbele za watu: “Hebu waambie wewe. Kuna joto hapa?”

Nikasema hakuna, bosi. Kuna baridi.

Nimesema mimi. Kwa mdomo wangu huu huu.

Mama akafumbua macho pale sakafuni. Akaniangalia mimi, wala si bosi.

“Basi nifunike, mwanangu.”