Gari Dogo la Mkunga

Jumatatu, 3 Machi

Keki imekufa. Ghorofa tatu, maua ya sukari niliyoyakalia siku mbili mgongo ukiniwaka – yote yamelala ubavu ndani ya boksi. Mwenye pikipiki anasema si yeye, ni tuta. Tuta! Tuta lilikuwepo jana, lilikuwepo juzi. Yeye ndiye hakuwepo, alikuwa anaongea na simu. Nimemaliza maneno yote niliyonayo, mengine nikayatunga palepale.

Mpishi mkuu wa hoteli hakunigombeza, na hilo ndilo limenitisha. Alifunika boksi polepole. Akasema hajawahi kuonja keki tamu kama zangu, ila harusi hailishwi makombo. Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili anataka keki tatu, nzima. Zikifika nzima, kazi ya kila Jumamosi ni yangu. Zisipofika, yupo mwokaji mwingine – na huyo ana gari.

Basi nitanunua gari. Nimeandika ili nisijigeuke.

Jumanne, 4 Machi

Mume wangu kajibu kama anavyojibu kila kitu: tusubiri kidogo. Tangu uchumba namwita Bwana Kidogo. Leo nikamwambia hicho kidogo chake sasa kina mvi. Akacheka, akaingia chumbani, akarudi na akiba yake ya ukuta wa uani – ule ukuta aliouota tangu tuhamie hapa! Akaiweka mezani kando ya chumvi. Mimi niliyejiandaa kwa vita nikamkatia kipande kikubwa cha keki maana sikujua nifanye nini kingine.

Fungu langu na lake kwa pamoja linatosha gari kuukuu, injini ndogo, lisilolilia mafuta kila kona. Linatosha mara moja tu. Tukiuziwa kopo, hatuna gari na hatuna ukuta.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi wa magari wa mtaani kwetu, Spana, amekubali kuniongoza. Malipo yake keki ya mahafali ya binti yake. Akaanza kunihutubia mkono umejaa grisi. Shemeji, usipende gari kwa rangi. Shemeji, injini kubwa itakula karo za watoto. Na kubwa kuliko yote: injini uikute imelala, baridi. Wajanja hulipasha gari kabla hujafika, ukiwasha linaitika kwa adabu, bila kikohozi wala moshi. Ukishalipa ndiyo linaanza kuumwa. Kwa hiyo kabla hata ya salamu, mkono kwenye boneti!

Mkono? Nikamwambia mimi naweka mkono kwenye mdomo wa oveni na kukutajia joto bila kipimo. Hapo kagusa kazi yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Siku nzima juani, tumeona magari matatu. La kwanza limepakwa rangi mpaka kwenye mipira ya milango. Spana aliinama chini yake, akainuka, akasema twende zetu. La pili, mshale wa mafuta ulishuka hatujafika hata barabara kuu. La tatu lilikuwa zuri sana, nikaanza kulipenda – mpaka dalali alipozima redio. Loo! Kumbe ile sauti yote ilikuwa inafunika magonjwa.

Miguu imevimba. Bwana Kidogo ameniletea maji ya moto na chumvi, hakuuliza chochote. Mwerevu.

Jumatano, 12 Machi

Nimeliona! Nimeliona, nimeliona.

Ni la mkunga mstaafu, anakaa nyuma ya zahanati. Gari dogo la rangi ya maziwa, milango mitano, limeizidi ndoa yangu umri. Ukilaza viti vya nyuma, maboksi yangu matatu yanaingia bila kubanana – nilipima kwa kamba ya aproni. Mkunga anasema hilo gari halinywi mafuta, linanusa tu. Analiuza kwa sababu magoti yake hayataki tena klachi. Mama mrefu, mkavu, hasemi jambo mara mbili. Bei yake tunaifikia, ingawa kwa kunyoosha vidole vya miguu.

Nilipotaka kuliwasha akakataa. Limetoka sokoni sasa hivi, lina moto, akasema. Njoo Ijumaa alfajiri ulisikie likiwa baridi. Spana akanikonyeza. Muuzaji gani husema hivyo mwenyewe? Nimerudi nyumbani naimba, jirani kauliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Ijumaa, 14 Machi

Tapeli! Mzee mzima tapeli!

Nilifika kabla ya Spana, pikipiki yake ilikuwa imegoma. Sikupiga hodi. Nikaenda moja kwa moja kwenye boneti, nikaweka kiganja. Moto! Si vuguvugu. Moto wa kuokea mkate! Mkunga akatoka kajifunga shuka, macho mekundu, akasema karibu mwanangu, samahani, leo – sikumwacha amalize. Nikamwambia mama, na heshima yako yote, unaamka usiku kupasha gari ili uniuzie kikohozi? Akanitazama. Badala ya kunyamaza nikaongeza mengine. Nikasema pia neno moja juu ya wakunga ambalo siliandiki hata hapa.

Akasema: basi nenda. Akafunga mlango.

Nimefanya vizuri. Nimeokoa fungu letu. Sasa mbona nimeunguza keki mbili leo, mimi ambaye siunguzi?

Jumapili, 16 Machi

Natamani ardhi ipasuke.

Spana kampigia Mkunga kumuuliza kulikoni. Kumbe usiku ule jirani yake alishikwa na uchungu, mume hayupo, gari la wagonjwa halikuja. Mama wa watu, na magoti yake yale, akamwendesha mpaka hospitali. Akakaa naye mpaka mtoto akalia. Alikuwa ndiyo kwanza amerudi, hajalala, hajanywa hata maji – akakutana na mimi na kiganja changu.

Bwana Kidogo alisikiliza yote, akauliza: ulimwambia nini hasa? Nikamwambia. Akafumba macho. Akasema kesho asubuhi nikaombe radhi, gari tulipate tusilipate. Hakusema tusubiri kidogo.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda. Nikamkuta na mwanamume mmoja wa teksi, miwani ya jua kichwani, ameshafungua boneti na kujifanya nyumbani. Nilitaka kurudi. Nikajikaza, nikampigia Mkunga magoti, yule bwana akitazama. Mama, nilikukosea. Nilikutukana bila kukuuliza, na lile neno nilifute vipi sijui, nisamehe.

Mkunga akauliza: umemaliza? Nikasema ndiyo mama. Akasema afadhali wewe, mimi siku ile hukuniacha nimalize.

Kisha akasema: mtoto ni wa kike. Na hata kuuliza hujauliza.

Nililia kama mtoto. Huyu wa teksi akaona aibu, akajifanya anachungulia rejeta. Mkunga akaniinua kwa kwapa, mikono ile ina nguvu! Akanieleza wazi: huyu bwana anaongeza bei, na mimi pensheni yangu si ya kuringia. Sijampa jibu. Wewe njoo kesho alfajiri ulisikie gari kama tulivyoahidiana. Safari hii utabisha hodi.

Jumanne, 18 Machi

Nilibisha hodi. Boneti baridi. Likawaka! Likakohoa mara moja, likasafisha koo, likatulia. Spana akasikiliza, akanusa, akaweka kitambaa cheupe kwenye bomba la moshi. Kikatoka na vumbi tu. Akalala chini, akatoka na ripoti: mpira mmoja wa maji umechoka, tairi moja limelika upande, mengine yote yana afya kuliko sisi.

Halafu jaribio langu mimi. Nikatoa boksi, nikaliweka nyuma – moja ya zile keki zilizoungua, nimeipamba maua juu. Mkunga akauliza hii nini? Nikasema mgonjwa wangu, mama, nataka kuona kama atafika. Akacheka! Mara ya kwanza namwona meno.

Nikashika usukani. Leseni ninayo, ila imekaa kabatini miaka. Breki nilikanyaga kama ninaua mende. Kwenye tuta Spana aligonga kichwa. Tulipofungua boksi, maua yote chini.

Halafu Mkunga: gari halina kosa.

Basi akatoa sharti. Gari hili limebeba wazazi na vichanga, hampi mtu wa kuliua. Atampa gari anayejua kubeba kitu kisidhurike. Jumamosi nitapeleka keki zangu hotelini kwa gari lake, yeye akikaa pembeni yangu. Baada ya hapo atatoa jibu, kwangu au kwa wa teksi. Mpaka wakati huo kila jioni niende nijifunze.

Yaani Jumamosi hiyo hiyo! Keki na gari, vyote kwenye kapu moja.

Alhamisi, 20 Machi

Mazoezi uwanja wa shule. Bwana Kidogo amekaa nyuma, beseni la maji mapajani. Raundi ya kwanza alilowa mpaka soksi. Ya pili, kifua tu. Ya mwisho Mkunga alimuuliza umelowa? Akajibu: kidogo. Tukacheka mpaka nikazima gari.

Siri ni kukanyaga mapema, na taratibu. Mkunga anasema usisubiri tuta lije, lifuate wewe. Na niache kuongea nikiendesha. Hilo ndilo gumu.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika goti likiwa meza. Tumeegesha nyuma ya jiko la hoteli, kando ya mapipa. Mwandiko huu sitausoma mwenyewe.

Njia nzima sikusema neno. Mimi! Jasho mpaka kwenye nyusi. Mbuzi wawili wakajitupa barabarani karibu na kona, nikakanyaga kwa ulaini, gari likasimama kama limesimama lenyewe. Mkono wa Mkunga uliokuwa umeshika mlango tangu nyumbani, aliushusha, akauweka mapajani.

Mpishi mkuu alifungua boksi la kwanza. La pili. La tatu alilizunguka lote, akichuchumaa. Ua hata moja halijahama! Akasema Jumamosi ijayo mje mapema zaidi, kuna harusi mbili. Akaondoka na trei kama si yeye aliyenipa usiku wa kutolala wiki tatu. Nimempigia Bwana Kidogo, nikashindwa kusema, nikapumua tu kwenye simu. Akasema nimekusikia.

Mafuta – nimechungulia mshale. Kama haujatikisika!

Mkunga hajatoa jibu. Sijathubutu kuuliza, safari hii namwacha amalize. Ameshuka anyooshe magoti, amesimama pale kwenye kivuli cha ukuta. Sasa hivi simu yake imelia. Ni yule wa teksi, namjua kwa kelele, anasema yuko mlangoni kwake na pesa mkononi, gari liko wapi?

Mkunga amelitazama gari. Amenitazama mimi.

Anamwambia: gari halipo, baba. Liko kazini.

Amekata simu. Anakuja. Amepita mlango wake wa mbele, anafungua wa nyuma, anakaa pale yanapokaa maboksi yangu, ananyoosha miguu. Ananiuliza naandika nini wakati watu wanataka kurudi nyumbani, na mbona siwashi gari langu–