Picha Yako Bado Inauza Dawa

Mama,

Wamekufunika uso kwa ua. Ni lile ua jekundu la kwenye simu, ambalo watu hutumiana Ijumaa asubuhi. Wamelibandika juu ya uso wako, wakadhani sitakujua. Lakini mtoto gani asiyeijua kanga ya mama yake? Mtoto gani asiyeijua mikono iliyomfulia na kumlisha?

Ni zile picha mbili alizokupiga Madamu Shani, muuza dawa za kupunguza mwili. Kushoto umejaa, kulia umebaki mifupa, na juu yake ameandika KABLA na BAADA. Hakuandika kwamba baada ya BAADA tulikuzika kijijini Mahurunga.

Nakuandikia nikiwa na hasira. Usiniambie nitulie. Ulikuwa hodari wa kuniambia nitulie.

Nakumbuka ilivyoanza, maana nilikuwepo. Harusi ile ya Mikindani, ulikuwa umemaliza kuwapakulia watu wote wale pilau yako. Kwa heshima ya mpishi, wakakuita ukae mbele, karibu na maharusi. Ukajifuta jasho, ukafunga kanga vizuri, ukakaa. Kiti cha plastiki kikakatika miguu. Ukaanguka chali mbele ya ukumbi mzima. Kabla mimi na mdogo wangu Shamila hatujakufikia, mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti, "Jamani, kiti kimeomba talaka!"

Wakacheka. Walicheka watu waliokuwa na chakula chako mdomoni. Na simu zikainuliwa juu kukupiga video wakati tunahangaika kukuinua.

Kwenye bajaji kurudi nyumbani Likombe uligeuza uso barabarani. Shamila alikushika mkono, ukauondoa. Kesho yake video ilikuwa imeshafika mpaka kijijini, na shangazi akapiga simu kuuliza kama umeumia, huku kicheko kimembana kooni. Ulimjibu vizuri, ukamshukuru kwa kukujulia hali, ukakata simu. Kisha ukaenda kuosha masufuria ambayo yalikuwa yameshaoshwa.

Uliponiambia unataka kupungua, sikupinga. Presha yako ilikuwa juu kwa muda mrefu, na miguu ilikuuma ukisimama sana jikoni. Nikakupeleka kliniki. Sista Tumaini, yule muuguzi wa kutoka Mbeya anayeongea polepole, hakukucheka hata kidogo. Alikuambia, "Mama Rehema, mwili huu haukuja kwa wiki moja, na hautaondoka kwa wiki moja." Akakueleza upunguze ugali uwe robo ya sahani, nusu ya sahani iwe mboga, kisamvu kisichozama kwenye nazi, mlenda, mchicha. Samaki umchemshe au umchome, usimkaange. Soda uache, na chai isiwe sharubati. Utembee kila siku mpaka utokwe na jasho. Usiruke mlo. Halafu akakushika mkono kabisa, akakuambia usinywe dawa yoyote ya kupunguza mwili bila kumuuliza, kwa sababu una presha, na kimoja cha vidonge vyako ni kile cha kutoa maji mwilini, kinachokupeleka msalani kila saa.

Ulitikisa kichwa kwa adabu. Tulipofika nje ukasema, "Kwa mwendo wa huyu sista, mimi nitapungua nikiwa kaburini."

Tukacheka, Mama. Tukacheka mpaka tukashikana mabega.

Wiki hiyo hiyo mtu fulani akakuingiza kwenye kundi la wasapu la Madamu Shani. Humo hakukuwa na mwendo wa polepole. Asubuhi maji ya moto na ndimu. Mchana tango. Jioni kikombe cha majani yake, ambayo nilikuja kujua ni sanamaki, ile ya kuharisha, iliyochanganywa na unga asiotaka kuutaja jina. Wali ni sumu, ugali ni sumu, muhogo ni sumu. Wewe, uliyelelewa kwa muhogo wa Mahurunga ukakua ukatuzaa, ukaanza kuniambia muhogo ni sumu.

Ulikuwa unatoka msalani umeshika ukuta. Ukimwandikia kwamba unaishiwa nguvu, anakujibu, "Hiyo ni sumu inatoka, mpenzi. Usikate tamaa, umekaribia." Sumu gani? Yalikuwa maji ya mwili wako yanatoka. Ilikuwa chumvi ya damu yako inatoka. Ni wewe uliyekuwa unatoka.

Uliacha kula na sisi. Ulikaa mkekani ukitutazama tunavyomega ugali kama mtu anayetazama watu wa kwenye runinga. Ukienda kupika harusini, ulionja pilau kwa ncha ya ulimi kisha ukatema kwenye majivu. Nilikuona. Wapishi wenzako nao walikuona, wakasema, "Mwenzetu ana moyo!" Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Misuli ya miguu ikawa inakukaza mpaka unang'ata mto. Ukawa unasikia baridi kwenye jua la Mtwara, Mama, jua hili hili. Siku moja uliweka kiganja changu kifuani kwako ukaniuliza, "Hivi na wako unaruka hivi?" Moyo wako ulikuwa unakwenda, unasimama, unashtuka, kama kuku aliyefungwa miguu. Nikakuambia twende hospitali sasa hivi. Ukasema ni uchovu.

Na watu wakakusifu. Hili ndilo linalonikaba mpaka leo. Wanawake wale wale waliocheka ukiwa chini wakaanza kukusimamisha njiani. "Mama Rehema, umekuwa kigoli! Tupe siri!" Hakuna aliyesema macho yameingia ndani. Hakuna aliyeuliza kwa nini unashika ukuta. Ulikuwa unakufa mbele yao, wakakuita mrembo.

Nilimwaga majani yale shimoni. Ukaniambia mbele ya Shamila, "Unanionea wivu, mwanangu? Unataka nibaki kichekesho cha mji?" Jioni ile ile ukaagiza mengine. Nikamwomba Sista Tumaini aje nyumbani; akaja na kile kipimo chake cha presha kwenye mkoba, ukajifungia chumbani, ukamtuma Shamila aseme umelala. Asije mtu akaniambia sikupigana. Nilipigana. Nilishindwa na kundi la watu nisiowajua waliokuwa wanakutumia mioyo myekundu.

Siku ile ulikuwa na harusi nyingine Mikindani. Ilikuwa mchana, sufuria mbili juu ya moto, nami nimekuja kukusaidia. Ulisema, "Rehema, nishikie." Nikadhani unataka nikushikie mwiko. Nikashika mwiko. Ukaanguka pembeni ya jiko, taratibu, kama kanga inavyoanguka kutoka kambani.

Wakasema ni moshi. Wakakumwagia maji. Tukakupakia kwenye bajaji, kichwa chako mapajani mwangu, na jinsi ulivyokuwa mwepesi, mtu mmoja tu alikubeba. Ungefurahi, nikawaza. Mungu anisamehe, ndicho nilichowaza.

Hukufika hospitali ukiwa unapumua. Daktari alinieleza kwa upole kwamba kwa kuharisha vile, na kutokula, na kile kidonge cha kutoa maji, madini ambayo moyo unayahitaji ili upige yalikuwa yamekwisha mwilini. Moyo ukapotea njia. Alisema kwamba mtu akiwa na presha kama yako, kukata chakula ghafla na kujiharisha ni kucheza na uhai. Alisema kwa upole kabisa. Mimi nilitaka apige kelele. Nilitaka mtu mmoja duniani apige kelele.

Na pilau ililiwa, Mama. Harusi ni harusi. Msibani mama mmoja alinikumbatia, akaniambia, akidhani ananiliwaza, kwamba pilau ile ya mwisho ilikuwa tamu kuliko zote ulizowahi kupika. Uliipika ukiwa na tango tumboni.

Madamu Shani naye alikuja. Alivaa baibui jeusi, akalia kwa sauti kuliko Shamila. Akasema Mungu amekupenda zaidi. Nilimwacha. Msiba si mahali pa kumfukuza mtu. Lakini tulipomaliza arobaini, nikaiona picha yako kwenye simu ya mfanyakazi mwenzangu: KABLA na BAADA, na maneno, "Mama huyu amepungua bila kutoka jasho. Wewe unasubiri nini?"

Nikaenda kwa Madamu. Mchana, mlango wazi, wateja watatu wamekaa mkekani wanasubiri. Nikamwambia aitoe picha ya mama yangu. Akaniambia, bila hata kuinuka, "Nilimpiga kwa ridhaa yake mwenyewe. Na mama yako amekufa kwa presha, usinichafulie jina." Nikawageukia wale wanawake. Nikawaambia, "Huyo mnayeonyeshwa ni mama yangu. Yuko Mahurunga, chini ya udongo. Mkitaka nitawapeleka mkamwone alivyopungua."

Wawili wakachukua mikoba yao wakatoka. Wa tatu alibaki, akanitazama kama mimi ndiye niliyemharibia siku.

Mmoja wa wale waliotoka alinifuata mpaka barabarani. Anaitwa Mwajuma. Akaniuliza, "Sasa dada, mimi nifanye nini? Mume wangu hanitazami, magoti yananiuma, na kila ninayekutana naye ananiambia nimenenepa." Nikampeleka kwa Sista Tumaini.

Malalamiko nimepeleka kwa wanaohusika na dawa, wameyapokea, nasubiri. Madamu aliitoa picha. Sasa ndiyo ameirudisha na ua usoni.

Nikuambie na hili. Mwili wangu ni wako, unajua. Mapaja yako, mikono yako, na sasa presha yako pia. Walinipima siku ile nilipompeleka Mwajuma, ikakutwa imepanda. Sista akanieleza maneno yale yale aliyokueleza wewe, hakuongeza wala hakupunguza. Robo sahani, nusu sahani, tembea, usiruke mlo, lala vya kutosha, njoo nikupime. Nikayafuata kwa sababu sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu.

Kila alfajiri natembea na Mwajuma. Yeye anaongea, mimi nasikiliza. Nakula ugali, Mama. Kidogo, lakini nakula. Msimu wa mabibo nilikula mabibo. Korosho natia chache kiganjani, naufunga mfuko. Nikiharibu siku moja kwa maandazi, kesho yake naendelea, sijifungii njaa kujiadhibu. Hakuna aliyeona. Hakuna aliyenisimamisha njiani kuniomba siri. Lakini juzi gauni la kazini lilinilegea kiunoni, na Sista aliponipima akatabasamu, akasema presha imeshuka vizuri. Nikamshukuru. Nikafika nyumbani nikakaa kitandani nikalia kwa hasira mpaka nikatapika.

Kwa sababu ni jambo la kawaida! Ni jambo la kuchosha, halina muujiza, halina mioyo myekundu. Na lilikuwa pale pale, linakusubiri. Ungekuwa unatembea na sisi sasa hivi, unamkatiza Mwajuma maneno.

Nimemkasirikia Madamu, nimeukasirikia ukumbi mzima. Lakini na wewe pia, Mama. Hasira nyingine ni yako. Uliwaamini waliokucheka kuliko sisi tuliokuwa tunakupenda ukiwa vile vile ulivyokuwa. Hukutuuliza hata siku moja kama tunakuona mbaya.

Shamila anakua. Amejaa kifua na nyonga, umbo la kwetu hilo. Wiki iliyopita alisukuma sahani yake akiwa hajafika hata nusu, akaniambia ameshiba. Akainamisha kichwa akauliza, "Dada, nikiwa mnene kama mama, na mimi watanicheka?"

Nilitaka kumwambia hapana. Sikuweza kumdanganya mtoto wako. Nikamwambia, "Wapo watakaocheka. Wakicheka, njoo kwangu. Usiende kwa mtu wa kwenye simu." Halafu nikamuuliza kama aliwahi kukuona wewe mbaya. Akatikisa kichwa. Akalia kilio ambacho msibani hakukilia. Nikaisogeza sahani karibu yake, nikala na mimi kutoka humo humo, mkono wangu na wake, mpaka ikaisha.

Shangazi alikuja Idi. Hata viatu hajavua, akaanza, "Eh, Shamila, mbona unafutuka?" Nikamwambia, "Shangazi, karibu. Humu ndani tunaulizana afya na masomo. Mengine yaache huko huko nje." Alinuna mpaka alipoondoka. Na anune.

Pumzika, Mama. Kusamehe bado. Nikiweza, nitakuja Mahurunga nikuambie mwenyewe, nimekaa chini karibu yako, sitayaandika. Ila ahadi hii nakupa leo: Shamila atakua na mwili wowote Mungu atakaompa, na katika nyumba hii, hata siku moja, hatalala na njaa ili watu wamwone mzuri.

Mwanao,
Rehema