Mstari wa Wakubwa Kushushwa Vitini

Jumatatu, 4 Mei 1987. Kitale
Mvua tena. Nyuzi za selo, fidla kubwa ninayoipiga kanisani, zimelegea. Ni za utumbo wa mbuzi, unyevu haziuwezi. Nimezikaza mara tatu. Padre Mholanzi aliyetuachia ala hizi alisema muziki wa kale wa kanisa uchezwe kwa nyuzi za kale. Mwalimu Wafula, kiongozi wa kwaya yetu, anamtii mpaka leo. Tarehe 31 tunaimba Bungoma, sikukuu ya parokia. Waimbaji wa besi bado wanachelewa.

Alhamisi, 7 Mei
Tukila, mume wangu Pius aliuliza hicho Kilatini tunachoimba kinasema nini. Nikamfasiria. Ni maneno ya Bikira Maria, na kuna mahali besi wanateremka mbio kama watu wanaoanguka ngazini: Mungu anawashusha wakubwa vitini. "Hata wakubwa wa ofisini kwetu?" Tukacheka sana. Nilijivunia kujua.

Jumanne, 12 Mei
Wanaume wawili wamekaa benchi la nyuma mazoezini. Hawakuimba, hawakusali. Mmoja ana daftari. Alinijia nikipanguza selo. "Mama, hii ni lugha gani?" Kilatini. "Inasema nini?" Nikasema inamsifu Mungu. Akatabasamu kama mtu aliye na jibu tayari. Viatu vyao havikuwa na tope. Kitale yote ni tope.

Ijumaa, 15 Mei
Besi wanne hawakuja. Paroko anataka ule mstari tuuruke. Mwalimu amekataa mbele yetu sote. "Si maneno yangu, Padre. Nitayakataje?" Alisema kwa upole. Mimi niliogopa.

Jumamosi, 16 Mei
Wamemchukua Mwalimu. Asubuhi, nyumbani kwake Tuwan, akinyoa ndevu. Mkewe, Mama Joyce, mwanakwaya mwenzetu, amekuja kwangu bila viatu. Mumewe alikuwa amenyoa upande mmoja tu, anarudia hilo tu. Karatasi za muziki wamezibeba zote. Polisi kituoni wanasema hawamjui.

Jumapili, 17 Mei
Pius amekiri. Aliwasimulia wenzake ofisini ule mstari, ati kuwachekesha. Bosi hakucheka. "Si nilikuwa natania tu, Mama Nekesa." Nimemchukia. Kisha nikakumbuka nani alimpa maneno.
Mama Joyce anauliza kila mtu nani alisema. Ameniuliza hata mimi. Nimejibu sijui.

Jumatano, 27 Mei
Bosi amemwita Pius. Mstari ukiimbwa, kazi hana. Watoto watatu wako shuleni.
Kwaya imekubaliana. Tutaimba kwa kichwa, na tukifika pale tufunge midomo, ala zicheze peke yake. Ni mimi niliyependekeza. Mama Joyce hakunyosha mkono.

Jumapili, 31 Mei. Bungoma
Kanisa limejaa, watu mpaka wa Bumula na Myanga. Wale wawili, benchi la tatu.
Tulifika pale. Midomo ikafungwa. Selo yangu ikateremka peke yake. Halafu Mama Joyce akaimba. Yeye ni sauti ya pili, lakini alichukua ya besi, chini mno kwake, ikikwaruza. Mstari mzima. Hakuna aliyemsaidia. Nilikuwa karibu naye kabisa. Sikumsaidia.
Yule wa daftari akaandika.

Ijumaa, 5 Juni. Kitale
Pius ameachishwa kazi. Mstari uliimbwa, walimwambia. Mtu mmoja alitosha. Tangu jana gari jeupe limeegeshwa ng'ambo ya lango letu. Halina namba.

Jumatatu, 29 Juni
Mwalimu amerudi tangu juzi. Amekonda. Nimeenda Tuwan nilipomaliza kufundisha shuleni. Alikuwa kwenye kiti mlangoni, anaota jua. Nikakaa kushoto kwake, nikamwambia yote kwa sauti ndogo: nilivyomfasiria Pius, tulivyocheka, uongo niliomwambia mkewe. Niliona ametazama barabara tu. Kisha akageuza kiti.
"Hili sikio walilipiga, Mama Nekesa. Halisikii. Hebu rudia."
Nikarudia, kwa sauti. Mama Joyce alikuwa jikoni anakoroga chai. Mlio wa kijiko ukakoma.
Baadaye aliileta. Vikombe viwili, chake na cha mumewe. Nikaaga.