Waifai ya Ba na Jani la Isale

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekalia katoni la sufuria dukani, mlango nimeufunga nusu, maana Jumapili ndiyo siku pekee Kariakoo inaniachia nafasi ya kushika kalamu. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaitumia, au umempa jirani kama ulivyofanya ile ya kwanza? Nakujua mimi. Huku mvua zimenyesha mpaka Jangwani kukawa hakupitiki, lakini mimi ni mzima, sijaumwa hata kichwa. Mjomba Elia naye ni mzima. Najua hukuuliza. Tangu mgombane kwa ule mpaka wa shamba la kihamba huniulizi habari zake, naye haniulizi zako, na mimi nimebaki katikati sijui nimfurahishe nani. Lakini barua hii inamhusu yeye, kwa hiyo vumilia, isome mpaka mwisho.

Unamkumbuka Ba, mama wa Kihindi mwenye nyumba yetu? Yule mjane anayeishi peke yake ghorofani, juu ya duka letu kabisa. Ba kwao ni kama kusema bibi, basi mtaa mzima tunamwita hivyo. Yeye na Mjomba wana mapatano ya tangu zamani: sisi tunachota maji kwenye tangi lake, yeye anatumia waifai ya dukani. Kila asubuhi, akishawasha ubani mbele ya miungu yake, anakaa na kitableti chake cha zamani anaongea na binti yake aliyeolewa Uingereza. Ukifungua duka mapema unawasikia wanavyocheka. Huyo binti alikuwa mjamzito, na Ba alikuwa hakai hatulii, utadhani mwenye mimba ni yeye.

Sasa siku moja Ba akateremka ngazi, na miguu yake ile, akasimama mlangoni. "Elia, waifai imeondoka."

Mjomba hata hakuinua kichwa. "Ipo, Ba. Si hii hapa naangalia mpira."

Kweli ipo. Nikaangalia simu yangu, ipo. Ba akatuonyesha kitableti: majina ya waifai za maduka mengine yote yamejipanga, la kwetu halimo. "Basi hicho kimezeeka," Mjomba akasema, na akacheka. Mama, kile kicheko ndicho kilichotuponza.

Maana wiki ile ile walikuwa wametoka kubishana habari za mkataba wa fremu hii ya duka, na Ba akaona amekatiwa makusudi. Na katika siku hizo hizo mjukuu akazaliwa. Mkwewe alimpigia kwenye kisimu cha batani kumwambia ni mtoto wa kike, lakini sura hakuiona. Akateremka tena, safari hii sauti iko chini kabisa. "Ukoo wangu wote umemwona mtoto isipokuwa mimi. Mkataba wako unaisha Desemba, Elia. Tafuta fremu nyingine."

Unajua kupata fremu Kariakoo, Mama? Watu wanasubiri mtu afe. Duka hili likienda, mimi narudi kukaa jikoni kwako, na ada ya shule ya mdogo wangu Neema sijui itakuwaje. Nililia kule stoo, nikanawa uso, kisha nikajiambia, hebu kwanza. Huyu anasema ipo, yule anasema haipo, na wote wawili si waongo.

Nikamwomba Ba kitableti. Nikakiweka ubavuni mwa rauta kabisa: hakioni. Basi tatizo si umbali, wala si ile zege ya dari. Nikazima rauta, nikaiwasha: hakioni. Nikaazima simu ya Mama Zuhura anayetupikia wali pale kona, simu mpya ya bei ya chini, nayo haioni! Nikapumua. Basi si uzee wa kitableti. Kumbe rauta yetu inarusha jina lile lile kwenye masafa mawili, kama redio stesheni moja inayosikika kwenye mawimbi mawili. Masafa ya 5 yana kasi, lakini hayafiki mbali na ukuta yanauogopa. Ya 2.4 ni ya polepole, lakini yanapanda mpaka ghorofani. Simu yangu na ya Mjomba zinashika yote mawili. Kitableti cha Ba na simu ya Mama Zuhura vinajua hayo ya 2.4 tu, na huko ndiko jina lilikopotelea.

Nikaingia kwenye mipangilio ya rauta. Masafa ya 5, sawa. Ya 2.4 yamewashwa, yanafanya kazi, ila chini kuna kiboksi kimewekwa tiki: ficha jina. Nikamgeukia Mjomba. "Nani kaficha jina?"

Akawa anapanga vikombe vilivyokwishapangwa.

"Mjomba!"

"Si wale machinga," akasema. "Wanakaa pale nje wanakula waifai yangu mchana kutwa. Nikamwambia fundi, hiyo inayofika mbali ifiche. Nikajua Ba ameshaingia zamani, haimhusu."

Haimhusu! Kitableti kikizimwa kikawashwa kinatafuta jina, kisipoliona kinakaa tu. Haki ya Mungu nilitaka kumpiga na mwiko wa dukani. Nikatoa ile tiki, nikapanda juu mbio na kitableti. Jina likatokea, kitableti kikaingia chenyewe, picha zikaanza kumiminika: mtoto kalala, mtoto anapiga miayo, mtoto kashika kidole cha baba yake. Ba aliigusa skrini polepole, akalia, na mimi nikalia naye.

Nikadhani yameisha. Thubutu! Ba alinishukuru mimi, lakini habari ya mkataba hakuigusa. Mjomba naye unamjua, mdomo wake na neno samahani havijawahi kukutana. Akanituma nipande na paja la mbuzi. Paja la mbuzi, Mama, kwa Ba asiyekula hata yai! Nilimrudishia kabla sijafika ngazi ya pili. Kesho yake akanituma na seti ya sufuria. Ba akaitazama, akaisukuma kwangu. "Mwambie mjomba wako mimi nimezaliwa Moshi. Baba yangu alikuwa na duka la nguo pale mjini, nimekua na Wachaga. Nimeona watu wakisameheana mambo mazito kwa jani moja tu. Tangu lini Mchaga akikosa analeta sufuria?"

Nilipomfikishia, Mjomba alikaa chini. Kisha akasema, "Mwandikie mama yako. Kwa karatasi. Jambo hili haliombwi kwa simu."

Kwa hiyo naomba jani la isale, Mama, Mjomba akaombee msamaha. Lisiwe la pale mpakani mlipogombania. Mjomba amesema lichumwe kwenye kaburi la Babu, baba yenu. Lifunge kwa jani bichi la mgomba, umpe kondakta wa basi huyo huyo atakayekufikishia barua hii. Mjomba atapanda nalo mwenyewe kwa Ba, nimeshamwambia safari hii mimi sibebi kitu.

Nisalimie Bibi mzaa baba, mwambie kofia yake ya sufu nimeipata. Nisalimie shangazi wa sokoni, na Neema mdogo wangu, aache simu asome. Na huyo jirani mwenye dawa ya goti lako, naye msalimie.

Hapo nilikuwa nimeshamaliza, natafuta bahasha. Mjomba akaja akasimama nyuma yangu, akasoma yote, hata ile ya mwiko. Akasema, "Andika achume mawili."

Nikamuuliza la pili la nani. Akaangalia mlangoni. "Hilo abaki nalo mama yako."

Nikamwambia, Mjomba, isale hupelekwa, aliyekosewa hajichumii. Akasema anajua. Lako hasa atakuletea mwenyewe mkononi Desemba, akija nyumbani. Hilo la sasa ni la kumshikia nafasi tu.

Basi chuma mawili, Mama.

Mwanao,
Manka