Baba Mkwe Ndiye Anayeshika Swichi ya Maabara

Mama Evarista mpendwa, naomba msaada wako kabla sijafeli au sijaachwa, maana sijui kipi kitatangulia.

Mimi ni Msukuma wa Usangu, naishi Soweto hapa Mbeya, nasoma shahada ya pili, na kazi yangu ni kupaka chuma utando wa chembe ndogo mno ili vyuma vya pampu za mpunga kwetu visiliwe na kutu, yaani unga wa madini laini kuliko poda naukoroga kwenye spiriti mpaka uelee, natumbukiza vibati viwili, umeme ukiwashwa zile chembe zinahama zenyewe na kujipanga juu ya kibati kimoja, na umeme usipozimwa kwa wakati utando unakuwa mnene na ukikauka unapasuka kama tope la jaruba. Sasa mwenye ruhusa ya kuwasha na kuzima ni fundi wa maabara peke yake, na fundi huyo ndiye baba wa mchumba wangu Andendekisye, na tangu mahari ilipopokelewa shangazi yao Apolonia alinikalisha akanieleza kwamba kwao Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemeshani wala hawatajani majina, na ingawa wengi siku hizi wameacha, ukoo ule haujaacha.

Basi tunafanya kazi tumepeana migongo, na katikati anakaa mwenzangu Damari, namwambia mwambie mzee azime, Damari anamwambia, mzee anamtuma Damari aniulize kama ni sasa hivi, na hapo utando umeshanenepa. Utando wa vibati vyote umepasuka, watahini wanakuja mwezi ujao, msimamizi wangu anasema tatizo ni unga, nami nimenyamaza.

Juzi Damari alitoka kupokea simu, klipu ya waya ikachomoka, cheche ikaruka, spiriti ikashika moto ukatambaa mezani hadi kwenye mkono wa shati la mzee, naye kanipa mgongo hana habari, nikafungua mdomo, nikamkumbuka shangazi, nikaufunga, nikagonga meza mpaka akageuka mwenyewe. Sasa ana bandeji. Jioni shangazi akanipigia kunipongeza, baba mkwe amesema, "Mkamwana wangu ana adabu hata penye moto." Andendekisye anasema tuvumilie. Nifanye nini?

Kulwa, Mbeya

Kulwa mwanangu, pole. Mengine yote nimekuelewa, hilo la kugonga meza sikuelewi. Mtu anaungua, wewe unabisha hodi?

Sina ugomvi na mila ya wakwe zako. Ni heshima, na mzee anaitunza kwa gharama ya ngozi yake. Lakini nyumbani baba mkwe akisikia unakuja anaweza kupita njia nyingine, kwenye maabara yenu hana pa kupita. Na kumwacha msimamizi wako aulaumu unga usio na kosa si adabu, ni uongo, tena unakugharimu shahada.

Kesho asubuhi nenda kwa huyo msimamizi umweleze ukweli wote, umwombe fundi mwingine au swichi inayojizima yenyewe. Akicheka mwache acheke, mradi akupe. Kwa baba mkwe usiende wewe. Andendekisye aache kukuambia mvumilie wakati yeye havumilii chochote, aende kwa baba yake na kwa Apolonia, aombe ukoo ukae na ukuruhusu kusema na mzee mkiwa kazini. Wakikataa, harusi isubiri mpaka umalize kutetea kazi yako, na huyo Damari apumzishwe, hakuja chuo kuwa mshenga.

Ila moto hausubiri kikao. Ukiwaka tena, mwite kwa jina lake, kwa sauti, watu wa nje wasikie. Safari hii wamekusifu kwa kunyamaza kwa sababu mzee amepona. Asingepona, Apolonia huyohuyo angekuuliza kwa nini hukumwita.