Karatasi ya Kuchujia

Pangani, Jumamosi

Lakini Bi Mwanaisha ana moyo, jamani!

Leo jioni darasani, sisi watu wazima tunaorudia Kemia ya kidato cha nne, tulikuwa tunachuja maji yenye mchanga. Yalidondoka polepole hadi yakachosha. Bi Mwanaisha, mhudumu wa wodi anayetaka kusomea uuguzi, akaikunja karatasi ya kuchujia akaikamua kwa mikono miwili, kama anakamua tui. Ikapasuka, mchanga wote ukarudi majini.

Wenzetu wakaangua kicheko. Nilikereka mno, maana mtu mzima hachekwi hivyo.

Yeye akanyoosha mkono. "Mwalimu, nimekamua kama nazi. Nipe nyingine nianze upya."

Mwalimu wetu ni mdogo kuliko kifungua mimba wa Bi Mwanaisha, na humwamkia shikamoo kabla ya somo. "Chukua, mama. Safari hii iache idondoke yenyewe."

Basi, kwisha. Mimi wiki nzima nawaza kuacha masomo, kwa kuogopa kufeli tena na kuchekwa...

Karatasi yangu nami nilikuwa nimeikamua, ikapasuka vilevile. Nilikuwa nimeificha kiganjani.

Nikanyoosha mkono huohuo, maji yakanichuruzika mpaka kiwikoni.